Mchezo wa vita hubadilika adui anapofichwa

MINJILA, karibu na Garsen, ni njia panda inayokutanisha barabara za Malindi, Garissa na Lamu. Kamanda wa kubuni aliyepewa kazi ya kuilinda njia panda hiyo kwenye skrini ya kompyuta angekuwa na swali moja kuu: adui atatokea wapi? Akiviona vikosi vyote vya mpinzani wake, jibu ni hesabu tu. Asipoviona, atalazimika kugawa askari wake sehemu tatu, huku akihofia kwamba hata mto Tana huenda ukavukwa usiku.

Swali hilo ndilo linalowagawa wapenzi wa michezo ya vita ya kompyuta: je, vikosi vya adui vifichwe au viwe wazi?

Tofauti yake inafanana na ile iliyopo baina ya bao na karata. Katika bao, kete zote ziko mbele ya wachezaji, na anayeshindwa hana wa kumlaumu ila akili yake. Katika karata, kila mmoja huficha alicho nacho, na ushindi hutegemea pia kubahatisha, kuvizia na kusoma nia ya mwenzake.

Kuficha vikosi hakukuanza na kompyuta. Mwaka 1824, afisa wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa mchezo wa kuwafunza maafisa ambamo mwamuzi aliweka juu ya ramani vikosi vile tu ambavyo vingeweza kuonekana. Leo kompyuta imeirithi kazi ya mwamuzi huyo, na haichoki wala haipendelei, isipokuwa pale programu inapomruhusu mpinzani wa kompyuta kuona yale ambayo mchezaji amenyimwa.

Michezo mingi humwachia mchezaji uamuzi. Katika Age of Empires II, uliotolewa mwaka 1999, anaweza kuanza akiwa hajui hata nchi ilivyo, au akiijua nchi bila kujua adui alipo, au akiona kila kitu.

Umuhimu wa uamuzi huo unadhihirika katika vita halisi vilivyopiganwa katika pwani hii hii. Mnamo Novemba 1914, Jenerali Arthur Aitken aliwasili Tanga akiwa na askari wapatao 8,000 kutoka India. Mnamo Novemba 2 manowari ya Uingereza iliutaka mji usalimu amri, na hivyo ikawatahadharisha Wajerumani. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alitumia reli kuleta askari zaidi, hata wakafika kiasi cha 1,000. Waingereza waliusogelea mji bila kuupeleleza vya kutosha. Kufikia Novemba 5 walikuwa wamerudi melini, wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 800 waliouawa, kujeruhiwa au kutoweka, na kuacha nyuma silaha na risasi nyingi.

Mchezaji anayeirudia Tanga huku vikosi vyote viko wazi hawezi kulielewa kosa hilo. Angeona mapema kwamba mji una walinzi wachache, angeuingia siku ya kwanza, kisha angemcheka Aitken. Vikosi vikifichwa, kicheko humwishia: yeye naye husita, hutuma wapelelezi, na huchelewa.

Hata hivyo, ufichaji una mipaka. Aliyesoma historia ya Tanga anajua tayari adui ni wangapi, hata skrini ikiwa tupu. Ndiyo maana mchezo bora hubadilisha idadi ya vikosi na mahali vinapoanzia.

Anayejifunza hafanyi kosa kuanza na vikosi vilivyo wazi. Humo atafahamu sheria, mwendo wa askari na nguvu za kila silaha, na atatambua sababu ya kushindwa kwake. Akishazoea, amfiche adui. Hapo kikosi kidogo cha upelelezi, alichokiona hakina maana, kitakuwa na thamani kuliko mizinga.

Na yule kamanda wa Minjila? Vikosi vikiwa wazi, atajifunza kupiga. Vikifichwa, atajifunza kuuliza kabla ya kupiga, somo ambalo Tanga lililipiwa kwa damu.