Maliasili, Rasilimali na Malighafi: Istilahi za Msitu na Viwanda Vyake

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa nyaraka za Serikali, yapo matatu yanayotumiwa mara nyingi kana kwamba ni neno moja: maliasili, rasilimali na malighafi. Makala haya yanakusudia kuyatenganisha. Mfano tutauchukua katika msitu wa Magamba, karibu na mji wa Lushoto, ambako mti uleule unaweza kuitwa kwa majina yote matatu, na kila jina likawa na matokeo yake.

Rasilimali limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kichwa cha mali, yaani fedha ya kuanzia biashara. Mfanyabiashara wa pwani aliyelalamika kuwa rasilimali yake imekatika hakuwa akifikiria mito wala milima. Siku hizi maana hiyo imehamia kwenye neno mtaji, na rasilimali limepanuka hata kubeba watu, fedha, ardhi na mitambo. Maliasili ni finyu zaidi: ni mali isiyoundwa na mtu, kama vile maji, misitu, wanyama na madini. Mhasibu wa kiwanda, kwa hiyo, ni rasilimali ya kiwanda hicho lakini si maliasili.

Malighafi ndilo linalodai uangalifu mkubwa zaidi. Kitu hakiwi malighafi kwa kuzaliwa kwake. Huwa malighafi kwa kuwapo kiwanda kinachokingoja. Tuuchukue mkulo, ambao wataalamu wameupa jina la Ocotea usambarensis kwa heshima ya milima hii. Unaposimama Magamba, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukilinda udongo na chemchemi, ni maliasili. Ukiangushwa ukawa gogo, ni malighafi ya kiwanda cha kupasua mbao. Kwa kiwanda hicho ubao ni bidhaa, lakini kwa seremala ubao huohuo ni malighafi tena. Basi mfasiri anayeandika "malighafi za Magamba" mahali palipotakiwa "maliasili" ameshaukata msitu wote kwa kalamu.

Wako waliowahi kuitazama milima hii kwa jicho hilo hasa. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese ilikuwa na njia ya waya iliyoteremsha mbao kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara, kwenye reli ya Usambara. Mti uliotafutwa zaidi ulikuwa mtarakwa, ambao wengine huuita mwerezi.

Liko pia suala la akiba na hifadhi. Zamani msitu uliotengwa na Serikali uliitwa aghalabu msitu wa akiba, na neno hilo lingali hai katika "pori la akiba". Akiba huwekwa ili itumiwe baadaye. Hifadhi huwekwa ili isidhurike. Tofauti hii si ya kupuuzwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua hifadhi za mazingira asilia, na Magamba imepandishwa hadi daraja hilo, ambamo kukata miti kwa ajili ya mbao hakuruhusiwi. Mwanakijiji akisoma kwenye tangazo kwamba msitu huo ni wa akiba, ana haki ya kuuliza siku ya kuifungua akiba hiyo ni lini.

Jirani yake, Shume, hali ni nyingine. Misonobari iliyopandwa huko kwa safu ni shamba la miti, na kitenzi chake ni kuvuna, kwa kuwa aliyepanda ndiye avunaye. Tunapendekeza kitenzi hicho kisitumiwe ovyo kwa msitu wa asili. Huko tuseme kukata, hata kama kibali kipo.

Mwisho ni majina ya miti yenyewe. Mkulo ni jina walilolitumia Wasambaa tangu kale. Anayefuata jina la biashara la kigeni hufika kwenye kafuri, ambayo kwa hakika hutokana na mti mwingine wa Asia. Orodha ya mbao iandikwe mkulo, na jina la kitaalamu lifuate kando yake.