Watoto wa Kuhamahama na Uchaguzi wa Seksio

Wanafunzi wenzetu, kati yetu wako wengi wenye baba ni mwalimu, pasta ao mtu wa reli. Leo wako Kongolo, mwaka kesho Nyunzu, kisha Kabalo, pale njia ya treni ya Kalemie (1915) inakutana na ile ya Kamina (1956). Ni hivi tumekomaa.

Shida inakuja nyuma ya mwaka wa 8, wakati wa kuchagua seksio. Mji moja uko na pedagojia tu, mwingine komersiali tu. Wengi wanachagua ile iko karibu, hata kama kichwa chao kinapenda hesabu. Tena, baba akihamishwa katikati ya miaka 4 ya humanite, mtoto anakuta seksio yake haiko kule.

Basi tufanye nini? Kwanza, mbele ya kuchagua, tuulize wazazi: tutakaa hapa mpaka lini? Wakihama, tuombe kubaki kwa mjomba ao shangazi. Pili, tuchunge biletini za kila mwaka, zitaombwa kwa Egzamini ya Serikali. Tatu, tusizarau kile njia ilitufundisha: mwenye kujua luga tatu anafaa kuwa munganga, mwalimu ao mchuuzi.

Sisi wa mwaka wa mwisho tuko tayari kujibu maulizo yenu.