Tarakimu 60 za kuwasha taa moja

Kama umewahi kuingiza umeme kwenye mita ya kulipia kabla, ile ambayo wengi wetu wa Bara tunaiita luku, unajua kwamba tarakimu zake ni 20. Mwaka 2024 zilifika 60. Sisi wawili wa darasa la falsafa tulikutana nazo Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, tulipokwenda likizo nyumbani kwa rafiki yetu.

Bibi yake alikuwa gizani tangu adhana ya Magharibi. "Wajukuu zangu, nisomeeni, kichwa changu mimi hakiwezi mambo haya." Tukamsomea kutoka kwenye simu, naye akabonyeza. Vidole vyake ni vya miaka mingi ya kufunga mwani kwenye kamba, na vitufe vile ni vidogo kama kunde. Mwishowe kioo cha mita kikaonyesha neno moja la Kiingereza, maana yake imekataa. Tarakimu ipi ilikosewa? Haikusema. Tukabonyeza sisi, vijana wenye macho mazima, nasi tukakosea mara mbili.

Kwa nini 60? Mita hizi hazina intaneti. Kila namba ya umeme hubeba kwa mafumbo kiasi ulichonunua na dakika uliponunua, ili isitumike mara mbili. Dakika hizo zilihesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kuzihesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mita za mfumo huu duniani kote zilihitaji kwanza namba mbili za kuanzisha hesabu upya, kisha ya umeme wenyewe. Na kwa kuwa namba imefumbwa, ukikosea tarakimu moja yote huvurugika, hata mita yenyewe haiwezi kujua kosa liko wapi.

Sababu hiyo tunaikubali, ila haitoshi kuwa udhuru. Mwaka 1954 Hans Peter Luhn wa IBM aliomba hataza ya njia ya kukagua namba kwa kuiongezea tarakimu moja mwishoni. Kama kila fungu la tarakimu lingekuwa na ukaguzi wake, Bibi angejua kosa lake mapema. Namba ingerefuka kidogo, kweli. Mwaka 1956 naye mwanasaikolojia George Miller alieleza kwamba mtu hushika kichwani takriban vitu saba kwa mara moja. Ujumbe ule wa simu ulileta tarakimu 20 zimeshikana kama treni. Hapo hapakuhitajika uvumbuzi wowote, ila kuacha nafasi tu. Tazama huduma za kutuma pesa kwa simu: nyingi hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri, nawe ukiona jina la mtu usiyemjua unasita.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Siasa, anasema mjenzi si hakimu bora wa nyumba kumshinda anayekaa ndani yake, wala seremala hamshindi nahodha kuujua usukani, wala mpishi hamshindi mgeni kuijua karamu. Darasani tuliisoma kama hoja ya utawala. Bwejuu, ambako ngalawa zimelala ufukweni, hoja hiyo ilitujia upya. Bibi anajua bila kalenda siku ambayo maji ya bamvua yatakupwa hadi kwenye mashamba ya mwani. Huyo ndiye aliyesema kichwa chake hakiwezi. Hakuna aliyemwambia hivyo. Mita ilimkatalia mara nyingi mno hata akajihukumu mwenyewe, akawa anangoja gizani mpaka kijana apite.

Tulichukua kipande cha mkaa, tukaandika ukutani mafungu kumi na tano ya nne nne. Bibi alibonyeza mwenyewe, akifuta kila fungu kwa kidole alipolimaliza. Mara moja alisimama, akarudi nyuma, akasema, "Hii saba mmeiandika kama moja." Alikuwa sahihi.

Taa iliwaka baada ya Isha. Mkaa akatuambia tuuache palepale juu ya mita.