Buibui ya kijani kwenye mihogo: kabla ya kushika pompi, tutumieni foto nzuri



Tangu kiangazi kuanza, simu zetu zinajaa foto za "buibui ya kijani". Nyingi zinatoka kwa wakulima wa mihogo, na ulizo ni lile lile: tupige dawa gani?

Tunapashwa kutenganisha mambo kwanza, kwa sababu jina hilo moja linaficha viumbe viwili ambavyo kazi zao shambani hazifanani.

Cha kwanza ni buibui kweli. Ukubwa wake ni kama punje ya muchele ao haragi ndogo, tumbo lake ni la mviringo na la kijani, na anafuma wavu wa duara kati ya majani mawili, pengine ndani ya jani moja lililojikunja. Majani hali hata kidogo. Anakula nzi, vipepeo vidogo na vidukari vyenye mabawa vinavyonaswa na wavu wake.

Cha pili si buibui, hata kama kina miguu minane na ni cha ukoo wa karibu. Ni utitiri wa kijani wa mihogo, ule ambao kwa Kifaransa tunauita akariyeni. Haufiki hata nusu milimeta. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaonekana mara ya kwanza Afrika kule Uganda mwaka wa 1971, kiisha ukasambaa katika nchi nyingi zinazolima mihogo. Unakaa chini ya majani machanga na kunyonya maji yake. Majani ya juu yanapata vidoti vya manjano, yanakuwa madogo, yanajikunja, na ukizidi, ncha ya muhogo inabaki kama kijiti kitupu.

Kwa hiyo, kama foto ya simu ya kawaida inaonyesha miguu vizuri, huo si utitiri. Utitiri wenyewe hamtaupiga foto bila lupe. Kile mtakachopiga ni majani yaliyoharibika.

Kwa nini tunasisitiza? Dawa nyingi za wadudu zinazouzwa sokoni zinaua buibui pamoja na viumbe vinavyokula utitiri, lakini utitiri wenyewe unaponyoka na kuongezeka. Pesa imeenda, na ugonjwa umebaki. Tena ni kwenye mihogo hiyo hiyo ndipo mama anachuma sombe ya jioni! Hilo peke yake lingetosha kuacha pompi nyumbani.

Wengine wanataka jina kamili la buibui wao. Ni ulizo zuri, lakini hapo foto ina mipaka. Programu za simu zinapenda kujibu "Araniella". Huyo ni buibui wa kijani anayejulikana sana Ulaya, mwenye vidoti vyeusi pembeni ya tumbo, na si jibu la kuaminiwa kwa shamba la Kivu. Hata kule Ulaya, aina zake mbili, cucurbitina na opisthographa, zinafanana kiasi kwamba wataalamu hawazitofautishi kwa foto. Wanaangalia kwa mikroskopi sehemu za uzazi za buibui aliyekomaa. Afrika tuko na mwingine wa kijani, Araneus apricus, aliyepewa jina mwaka wa 1884, na wako wengine wanaomfanana. Mtoto wa buibui ndiye mgumu zaidi, maana rangi yake inaweza kubadilika anavyokua.

Lakini kwa uamuzi wa shambani, kujua kwamba ni mfuma-wavu kunatosha. Ili tumtambue, pigeni foto asubuhi, wavu ukiwa bado na umande, bila flashi, maana flashi inafuta kijani. Moja kutoka juu, moja ya pembeni, moja ya tumbo kwa chini, na moja ya uso kama anakubali kutulia: macho manane, manne katikati na mawili mawili pembeni. Wekeni punje ya haragi karibu yake ili tupime ukubwa. Foto ya wavu ndiyo watu wanasahau, na kwetu ndiyo inasema mengi. Yuko buibui mwingine wa kijani, mwenye miiba mirefu kwenye miguu, ambaye hafumi wavu wa kunasia. Anakimbia na kuruka juu ya wadudu. Naye pia musimuue.

Musimuweke ndani ya alkoli kabla ya kupiga foto. Kijani kinapotea humo.

Juu ya utitiri, tutumieni foto ya ncha ya muhogo na ya jani upande wa chini, mkisema ni mbegu gani na mlipanda mwezi gani. Mihogo iliyopandwa mwanzoni mwa mvua inafika kiangazi ikiwa na nguvu. Na mbegu zenye ncha za manyoya ni nzuri kwa utitiri mwindaji unaoitwa Typhlodromalus aripo, ulioletwa Benin mwaka wa 1993 kutoka Brazili: unakaa ndani ya ncha hizo mchana, na usiku unashuka kwenye majani kuwinda ule wa kijani.