Pointi za Mezani na Ripoti ya Shule ya Mwanangu

Jumatano jioni kijana wangu aliingia nyumbani, hapa Sharpstown, akatupa begi kwenye kochi bila kusalimia. Ripoti ilikuwa imetoka. Aljebra: 64.

Kwa mzazi mgeni, 64 si mbaya sana. Lakini Texas ina sheria ya tangu 1984, inayojulikana kama No Pass, No Play. Mwanafunzi wa shule ya serikali akipata chini ya 70, kwa kawaida hasimami uwanjani kwa wiki tatu. Mazoezi anaruhusiwa, mechi hapana. Na marufuku ya mwanangu ilianza Ijumaa, siku ya mechi ya kuamua ubingwa.

"Baba, kocha bado hajapitia majina. Nikinyamaza nitacheza."

Nikamwambia akae.

Nilianza na letu la nyumbani. Mimi ni Simba wa damu. Aprili 2017 Kagera Sugar walitufunga 2-1 kule Kaitaba, Bukoba. Tukalalamika kwamba mchezaji wao mmoja alikuwa na kadi tatu za njano, hakustahili kucheza. Kamati ya Saa 72 ikatupa pointi tatu za mezani. Baada ya siku chache kamati nyingine ya TFF ikazirudisha Kagera. Msimu ukaisha sisi na Yanga tuna pointi 68 kila mmoja, Yanga wakachukua kombe kwa tofauti ya mabao. Mpaka leo ukigusa habari hiyo kwenye shughuli ya Watanzania, pilau litapoa.

"Hiyo ni Bongo," akasema. "Hapa Marekani mambo yana utaratibu."

Nikacheka. Mwaka 1914 vyuo vya Texas na majirani zake viliunda ligi ya Southwest Conference, Rice ya hapa Houston ikiwamo. Siku hizo hakukuwa na fainali, na timu hazikukutana zote. Msimu wa kwanza tu, 1915, Oklahoma na Baylor walimaliza bila kufungwa ndani ya ligi, na hawakuwa wamecheza wao kwa wao. Nani bingwa? Wangeweza kugawana. Lakini ikabainika Baylor walimchezesha mtu asiyestahili, wakapoteza sehemu yao ya ubingwa. Zaidi ya miaka mia imepita, na ukitaja msimu ule lazima utaje na kasoro hiyo.

Mwaka 1994 ikawa kinyume. Texas A&M hawakufungwa mechi hata moja, ila walikuwa wakitumikia adhabu. Ubingwa wakagawana timu tano, Rice mojawapo, kila moja ikiwa imefungwa mara tatu katika ligi.

"Sasa sikiliza, baba," nikamwambia. "Ukicheza Ijumaa mkashinda, ushindi si wako peke yako. Ikijulikana, wenzako wote wananyang'anywa. Yule aliyekesha akisoma ili apate 71 naye ananyang'anywa."

Hakujibu. Alhamisi alimfuata kocha mwenyewe akamwambia. Ijumaa alikaa benchi na nguo za kawaida, mimi na mama yake tukiwa jukwaani. Ikawa sare 1-1, kombe likaenda shule nyingine. Ndani ya gari hakuna aliyesema neno hadi nyumbani, na siku mbili nzima alinijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Sitawadanganya, nami niliumia.

Wazazi wenzangu, tusingoje ripoti. Alama za watoto huonekana mtandaoni kila wiki. Ombeni shule iwafungulie akaunti, na kama Kiingereza kinasumbua, ombeni mkalimani. Walimu wengi hutoa msaada baada ya masomo bila malipo. Mwanangu sasa hubaki Jumanne na Alhamisi.

Aljebra imefika 73. Juzi, tukila, aliniuliza: "Baba, kwani Kagera zile pointi zilikuwa zao kweli?"

Nikamwambia ale kwanza.