Kwa nini gari la zimamoto limekuwa ghali hivi

Duka la jirani yangu lilipoungua, gari la zimamoto lilifika moto ushamaliza paa. Tuliambiwa la pili liko gereji, halina spea. Nikajua ni mambo yetu sisi wa kaunti zisizo na pesa. Kumbe hata Marekani!

Januari 2025, moto ukiteketeza mitaa ya Los Angeles, zaidi ya magari 100 ya zimamoto ya mji ule yalikuwa yameegeshwa yakingoja matengenezo. Mafundi walikuwa wachache, ni kweli. Lakini jipya nalo ni shida kulipata. Gari la pampu lililouzwa kama dola 500,000 miaka kumi iliyopita sasa linakaribia milioni 1, la ngazi hufika milioni 2, na ukiagiza leo unaweza kungoja miaka minne.

Imekuwaje? Tuseme mtaani kwenu kuna wapika mahamri kumi. Aje tajiri na pesa za watu, awanunue sita, afunge majiko mawili, kisha apandishe bei. Utakwenda wapi na chai yako ishamiminwa? Nia yake si kupika. Ni kuliuza genge lote kwa faida baada ya miaka michache. Hiyo ndiyo kazi ya kampuni za uwekezaji binafsi. Na pesa hizo za watu, ajabu ni kuwa nyingine hutoka kwenye mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wa umma.

American Industrial Partners ilinunua E-One mwaka 2008, ikaiunganisha na kampuni nyingine za magari, na kundi hilo likaja kuitwa REV Group. Likachukua KME 2016, Ferrara 2017, Spartan 2020. Viwanda viwili vya KME, Pennsylvania na Virginia, vikafungwa. Soko sasa kwa sehemu kubwa liko mikononi mwa REV, Oshkosh yenye Pierce, na Rosenbauer ya Austria.

Watengenezaji wanasema lawama ni za kanuni za moshi wa dizeli, viwango vya usalama na uhaba wa vipuri tangu korona. Nakubali, injini safi ina gharama. Ila kanuni za moshi hazikufunga viwanda vya KME. Kanuni iliyolala ni ile ya ushindani: kila ununuzi ulionekana mdogo ukiutazama peke yake, mpaka soko likaisha.

Agosti 2025 mji wa La Crosse, Wisconsin, ulikwenda mahakamani kuwashtaki watengenezaji. Mwezi uliofuata maseneta Josh Hawley wa Republican na Andy Kim wa Democrat, watu wasioelewana kwa mengi, waliwaita viongozi wa kampuni hizo wajieleze.

Jirani yangu bado anauza sukari na unga juu ya meza, chini ya turubai.