Mbwa alalaye kizingitini ni mwanafunzi wetu

Kwa muda wa miaka mingi nimesimama mbele ya wanafunzi nikiwafafanulia methali isemayo kwamba kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Nimeitolea mifano ya kila aina: mtahiniwa aliyeshindwa mara ya kwanza akafaulu mara ya pili, mkulima aliyepoteza mavuno mwaka mmoja akapanda tena mwaka uliofuata, na mingineyo ambayo kila mwalimu wa lugha anaijua. Sikuwahi hata siku moja kuitazama methali hiyo kwa maana yake ya wazi, yaani mguu wa binadamu uliokutana na kitu njiani. Maana hiyo niliijua usiku mmoja nikiwa nimepiga magoti katika ushoroba wa nyumba yangu, kurunzi mkononi, mama yangu mzazi akiwa amelala sakafuni hawezi kuinuka, na mbwa wetu Simba akimlamba uso.

Umeme ulikuwa umepotea tangu magharibi. Mama, ambaye ni mwalimu mstaafu na alikuwa amekuja kukaa nasi kwa muda, alitoka chumbani mwake kwenda msalani. Njia aliijua vyema na hakuona haja ya kumwamsha mtu. Asilolijua ni kwamba Simba alikuwa amejinyoosha mbele ya mlango wake, kutoka ukuta hadi ukuta, mweusi mgongoni na wa hudhurungi ubavuni, asiweze kutofautishwa na giza lenyewe. Mguu wa kwanza ulimgonga mbavuni. Mbwa alishtuka akainuka, na mguu wa pili ukakosa pa kukanyaga. Mfupa wa paja ulivunjika karibu na nyonga. Kujikwaa kwa mama ndiko kulikokuwa kuanguka, wala hakukumpeleka mbele ila kwenye meza ya upasuaji.

Naomba msomaji asiyachukue haya kuwa mzaha, ingawa najua kwamba habari za mtu kuangushwa na mbwa aliyelala huwachekesha watu kabla ya kuwahuzunisha. Kwa kijana, kuanguka ukumbini ni chubuko la goti. Kwa mama aliyepita miaka 70, ambaye mifupa yake imepungua uzito kama ipunguavyo ya wanawake wengi baada ya kukoma hedhi, kuanguka huko huko kwaweza kuwa mwanzo wa safari ya mwisho. Mzee aliyevunjika nyonga akilazwa kitandani kwa muda mrefu hunyemelewa na nimonia, na damu iliyoganda miguuni, na vidonda vya mgongoni. Ndiyo maana madaktari humharakisha kumfanyia upasuaji na kumsimamisha tena mapema iwezekanavyo.

Wenzetu wa Marekani walijishughulisha kuyahesabu mambo haya. Mwaka 2009, taasisi ya serikali yao inayohusika na kudhibiti magonjwa ilitoa takwimu zilizokusanywa kati ya 2001 na 2006, zikaonyesha kwamba kila mwaka watu zaidi ya 86,000 walitibiwa hospitalini kwa majeraha ya kuanguka yaliyohusishwa na mbwa na paka. Katika kila majeraha 100 ya namna hiyo, 88 yalihusishwa na mbwa. Wanawake waliumia zaidi ya maradufu ya wanaume, na kiwango cha kuvunjika mifupa kilikuwa juu zaidi kwa waliofika miaka 75 na kuipita. Sehemu kubwa ya maajali hayo yalitokea nyumbani, mahali ambapo mtu hudhani ameifikia salama yake.

Mama alipokuwa bado hospitalini, jamaa tulikusanyika kulijadili jambo hili. Kaka yangu mkubwa, mtu asiyependa kuzungushazungusha maneno, alisema mbwa aondolewe siku hiyo hiyo. Alimwita jibwa. Wanafunzi wangu wanajua kwamba kiambishi hicho hakikuzi umbo tu, aghalabu hutia na dharau. Nilimtetea Simba kwa udhaifu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemleta baada ya wezi kutuvunjia mlango, na mimi ndiye niliyemruhusu aingie ndani wakati wa masika, kibanda chake kilipoanza kuvuja. Baadaye tulimpelekea mama habari za mabishano yetu. Alitusikiliza hadi tukamaliza, kisha akauliza swali moja tu: "Ni nani aliyemfundisha kulala pale?"

Nilitaka kumjibu kwamba hakuna aliyemfundisha. Nikanyamaza, maana nilianza kukumbuka.

Kwanza, mbwa ana sababu zake za kupenda njia za watu. Mlangoni hupita upepo, na sakafu ya saruji au ya vigae ni baridi tumboni. Mlangoni ndipo mahali pekee awezapo kuvichunga vyumba viwili kwa wakati mmoja na kujua nani ametoka na nani ameingia. Tena mbwa wa aina ya Simba, wale wenye asili ya Ujerumani ambao tunawafuga sana kwa ulinzi, walitokana na mbwa wa kuchungia kondoo, wakaanza kuzalishwa kwa utaratibu maalumu mnamo 1899. Kazi ya mababu zao ilikuwa kuzungukazunguka karibu na miguu ya kundi na kutompoteza mchungaji machoni. Dume lake huweza kufikia kilo 40. Ukimpata mnyama wa uzito huo aliyerithi tabia hiyo, kisha ukamweka katika nyumba ya vyumba vitatu, usistaajabu ukimkuta kila unapotaka kukanyaga.

Pili, yako mambo ya mwili wetu wenyewe. Mtu anapotembea, ncha ya kidole chake huinuka sentimita moja au mbili tu juu ya sakafu, na mzee huinua mguu kwa shida zaidi. Mbwa mkubwa aliyelala hukifikia kiwango cha muundi, hivyo hauwezi kumpapasa kwa kidole ukamtambua. Mguu husimamishwa ghafla ilhali kiwiliwili kinaendelea na safari yake. Paka akiguswa huruka upande. Mbwa wa kilo 40 huinuka pole pole, nawe ukiwa juu yake. Zaidi ya hayo, mbwa huona gizani kuliko sisi, kwa kuwa nyuma ya jicho lake upo utando unaorudisha mwanga, ule ung'aao ukimmulika kwa tochi. Kwake yeye ushoroba ule haukuwa na giza la kutisha. Hana njia ya kujua kwamba mama hamwoni.

Lakini haya yote ni udongo tu. Mbegu tuliipanda sisi. Tangu Simba alipoingia ndani, kila mmoja wetu alikuwa akimruka. Nilimruka nikienda kazini, watoto walimruka wakicheza, mke wangu alimruka akiwa na sufuria ya maziwa mikononi, jambo ambalo sasa likinijia akilini nywele hunisimama. Kila tulipomruka tulikuwa tukimpa somo, nalo ni hili: hapa ndipo mahali pako, watu watajihangaikia wenyewe. Alilishika somo hilo sawasawa. Na siku tulizokuwa na haraka au hasira tulimpiga teke, nalo lilikuwa somo la pili, baya kuliko la kwanza, kwa sababu mbwa aliyezoea mateke hajifunzi kupisha bali hujifunza kuogopa mguu. Uona mguu unakuja, huruka bila kujua aelekeako, na mara nyingi huangukia huko huko unakoelekea wewe.

Iko methali nyingine tunayowafunza watoto, kwamba usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Katika suala hili methali hiyo ni hatari tupu. Tuliokuwa tukimruka mbwa kwa heshima ya usingizi wake ndio tuliomlaza mama.

Atakayedhani kwamba mnyama huyu hawezi kuelewa miguu ya binadamu inapokwenda, naazime mfano kutoka historia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wengi wa Ujerumani walipofushwa vitani, na mwaka 1916 ikafunguliwa katika mji wa Oldenburg shule ya kuwafunza mbwa kuwaongoza vipofu. Mwaka 1929 shule kama hiyo ikaanzishwa Marekani, baada ya kijana kipofu aitwaye Morris Frank kurejea kutoka Uswisi na mbwa jike wa aina hii hii ya Simba, jina lake Buddy. Mbwa wa namna hiyo husimama kwenye ukingo wa njia na mbele ya ngazi ili bwana wake asijikwae. Humkwepesha vizuizi. Akifika mahali pa kuketi hujikunja chini ya kiti, mkia ndani, asimzuie apitaye. Basi mbwa yule yule awezaye kumwangusha mwenye macho ameweza kumvusha kipofu barabara za mji mkubwa. Tofauti yao ni mwalimu.

Tulianza masomo mama angali hospitalini. Tulichagua pembe ya sebule isiyopitwa na mtu, ambako Simba angeweza kutuona, kwani mbwa hakai mahali anapojiona ametengwa. Tukatandika blanketi kuukuu. Kila alipolikanyaga kwa miguu yote minne alipewa kipande kidogo cha nyama, na alipotoka hakupigwa wala hakukemewa, ila hakupewa kitu. Masomo yalikuwa ya dakika chache, mara tatu au nne kwa siku, kwa sababu mbwa, kama mwanafunzi wa kidato chochote, huchoka kusikiliza. Baadaye tulimfunza neno "pisha". Ukilitamka unamsogelea hatua moja na kuitupa nyama kando. Akiifuata ameondoka njiani. Baada ya siku kadhaa hutupi tena, unampa mkononi akishasogea.

Hapa ilitubidi tujichunguze, maana nyumba yetu ilikuwa imegawanyika kwa lugha. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilikuwa nikimwamuru mbwa kwa Kiingereza, kama kwamba wanyama wote walisomea ng'ambo. Watoto walimsemesha Kiswahili. Mama alimsemesha lugha ya nyumbani kwetu. Mbwa alikuwa na maneno matatu kwa jambo moja, tena tulimwita mkaidi! Tulikubaliana kwamba neno litakuwa moja, na litakuwa la Kiswahili.

Yapo mengine tuliyoyafanya ambayo hayahitaji maelezo marefu. Mlango wa jikoni uliwekewa mpaka asiouvuka wakati wa kupika. Kwenye vidato vya nje alifunzwa kungoja hadi mtu ashuke kwanza, asishuke naye sambamba. Alitembezwa kila jioni, kwa kuwa mbwa aliyefungiwa mchana kutwa akifunguliwa humrukia kila aingiaye langoni. Alivishwa njuga shingoni ili asikike akisogea. Na kwa kuwa njuga haimsaidii mtu mbwa anapolala kimya, kila kitanda kiliwekewa kurunzi pembeni, na usiku ushoroba ulifungiwa mlango, Simba akabaki sebuleni kwenye blanketi lake. Anayefuga mbwa mzee na ajue kwamba huenda masikio yamekwisha nguvu na viungo vinamuuma. Huyo usimshtue kwa sauti wala kwa kumruka, gonga sakafu kwa mguu ahisi mtikisiko, kisha umpe muda wa kuinuka.

Najua wapo wasomaji watakaosema kwamba dawa ya haya yote ni mbwa kubaki uani. Ni kweli, na katika nyumba nyingi za pwani, kwa sababu za dini, mbwa havuki kizingiti kabisa, basi tatizo hili kwao halipo. Lakini nyua zetu mijini zinazidi kuwa finyu, na hata mbwa wa uani hulala kwenye kidato cha mlango, akamngojea hapo atokaye alfajiri.

Mama alirudi nyumbani akitembelea mkongojo wa miguu minne. Katika wiki zile za mwanzo tulimfunga Simba kila mama alipofanya mazoezi, maana somo lolote, hata lililofahamika vizuri, halifai kujaribiwa kwa mfupa uliotoka kuunganishwa. Kisha siku moja mama mwenyewe akaagiza afunguliwe. Alisimama mbele yake, akashika mkongojo kwa mikono miwili, akasema "pisha" kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia darasani zamani. Simba aliinuka akaenda kwenye blanketi lake.

Jumapili iliyopita kaka alikuja kutusalimia. Simba alikuwa amelala kibarazani, na kaka, kwa mazoea, akainua mguu ili amruke. Mama alikuwa ameketi pale pale kwenye kiti chake. Akagonga sakafu kwa mkongojo.

"Usimruke, mwanangu. Mwambie apishe."

Kaka akamwambia, kwa Kiingereza. Simba akamtazama tu.